Wanyama wa Mawe katika Nyumba za Wazuni

Katika nchi ya Marekani, upande wa magharibi wa jimbo la New Mexico, karibu na mpaka wa Arizona, uko mji wa zamani uitwao Zuni. Wenyeji wake hujiita Ashiwi, na mji wao huuita Halona Itiwana. Itiwana maana yake ni mahali pa katikati. Kwa kuwa wazee wao, kama wasimuliavyo, walitoka chini ya ardhi wakasafiri miaka mingi wakikitafuta kitovu cha dunia, hata wakakiona hapo. Nchi yenyewe ni kavu, ya mchanga na miamba miekundu, na karibu na mji umesimama mlima mkubwa wenye kilele bapa, Dowa Yalanne, yaani Mlima wa Mahindi. Lugha yao haina ndugu. Wataalamu wameilinganisha na lugha za majirani zao wote, wala hawakuona udugu ulio dhahiri.

Watu hawa hawapati kuwa wengi, yapata elfu kumi tu, lakini kazi ya mikono yao imefika mbali. Mtu akiingia katika duka la vitu vya sanaa huko Gallup au Santa Fe, ataona nyuma ya kioo dubu wadogo wa mawe, na tai, na vyura, na fuko, wengine hawazidi ukubwa wa kidole gumba. Mnunuzi huambiwa ya kuwa hii ni kazi ya Wazuni, na pengine hupewa kikaratasi kisemacho kwamba dubu huleta nguvu na afya, na fuko huyalinda mazao. Twataka kueleza asili ya wanyama hao, na jinsi ufundi wao ulivyopita kutoka kwa mzazi hata kwa mtoto. Maana maneno ya vikaratasi vile ni nusu ya habari tu, na pengine hayafiki hata nusu.

Wazuni husimulia ya kuwa zamani za kale dunia ilikuwa tope, na wanyama wakali walikuwa wengi mno, wakila watu. Ndipo mapacha wawili, wana wa Jua, walipoona ya kuwa wanadamu wataangamia, wakaikausha nchi kwa moto wa radi. Kisha wakazunguka huku na huku, na kila walipomkuta mnyama mla nyama wakampiga kwa umeme, naye akanyauka akawa jiwe. Lakini moyo wake haukufa. Ulibaki hai ndani ya jiwe lile, na mapacha wakamwamuru tangu siku hiyo awasaidie watu badala ya kuwala. Kwa hiyo Mzuni wa kale akiokota porini jiwe lenye umbo la mnyama, ambalo hakuna mkono wa mtu uliolichonga, alilithamini kupita yote yaliyochongwa. Kwake hilo lilikuwa mnyama mwenyewe wa siku zile. Na fundi achongaye hufanya kazi ndogo tu, ya kuidhihirisha sura ambayo jiwe lilikuwa nayo tayari.

Wanyama wakuu ni sita, nao wamegawiwa pande sita za dunia, kwa kuwa Wazuni huhesabu juu na chini pamoja na zile pande nne tuzijuazo sisi. Kaskazini ni kwa simba wa milimani, yule paka mkubwa wa Amerika asiye na madoa wala manyoya shingoni, na rangi ya upande huo ni manjano. Magharibi ni kwa dubu, rangi ya buluu. Kusini ni kwa mnyama mmoja wa jamii ya nyegere, mchimbaji hodari, rangi nyekundu. Mashariki ni kwa mbwa mwitu, rangi nyeupe. Juu ni kwa tai, na rangi zote huchanganyika. Na chini, katika giza la udongo, ni kwa fuko, rangi nyeusi.

Wanyama hawa hawakuwekwa juu ya rafu kama mapambo. Walikaa ndani ya mtungi, na mtungi ulitobolewa tundu ubavuni, na kwa tundu lile walilishwa unga wa mahindi uliochanganywa na vipande vidogo vya feruzi na kombe za bahari. Mgongoni mwa mnyama hufungwa kigumba cha mshale kwa ugwe wa kano, na pamoja nacho shanga za feruzi au marijani. Hiyo ni sadaka yake. Mara nyingine huchorwa mstari kutoka kinywani mpaka moyoni, kuonyesha njia ya pumzi, maana nguvu ya mnyama mla nyama imo katika pumzi yake na katika moyo wake. Mwindaji alipotaka kwenda porini alikwenda kwanza kwa mtunzaji wa wanyama wale, akanyunyiza unga, akaomba, akamchukua mmoja, akamweka katika kifuko kifuani pake. Akiisha kumwua kulungu, alimchovya mnyama wake katika damu, akamshukuru. Kisha hurudi akamrudisha kwa mtunzaji. Hakuwa mali yake ya kufanya apendavyo.

Wazungu waliviita vitu hivi kwa jina lililotoka kwetu Afrika, si kwa maana ya kwamba Waafrika walilitunga, bali lilitungwa juu yao. Mabaharia wa Kireno walipofika pwani ya Gine katika karne ya 15 waliziona hirizi na sanamu za watu wa huko, wakaziita *feitiço*, kitu cha uchawi. Waingereza na Wafaransa wakalichukua neno lile wakalibadili kidogo, nalo likavuka bahari hata likabandikwa juu ya wanyama wa Zuni, ambao hawana uhusiano wo wote na Gine. Neno letu la hirizi nalo halifai vema. Hirizi huvaliwa na mtu mmoja, na nguvu yake ni maandishi au dawa iliyoshonewa ndani. Mnyama wa Zuni hulishwa, hukaa nyumbani, na huweza kuwaona wajukuu wa wajukuu. Kwa hiyo hapa twasema mnyama wa jiwe, basi.

Tena msomaji wa Afrika atapenda kujua ya kuwa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo aliyetajwa katika habari za Zuni alikuwa Mwafrika. Jina lake Esteban, mzaliwa wa Azemmour katika nchi ya Moroko, mtumwa wa Mhispania mmoja. Katika mwaka 1539 alitangulia mbele ya padre Marcos de Niza, akafika Hawikuh, mji mmojawapo wa Wazuni, na huko, kwa habari alizoleta padre yule, akauawa. Mwaka uliofuata akaja Coronado na askari wake, wakautwaa mji huo kwa nguvu, wakitafuta dhahabu, wasiione. Mwaka 1629 mapadre wa Kifransisko walianza kujenga makanisa kwa Wazuni. Mwaka 1680 watu wa miji mingi ya New Mexico, waitwao Wapueblo, waliwaasi Wahispania, na Wazuni wakapanda juu ya Dowa Yalanne wakakaa huko hata mwaka 1692. Hatutaeleza zaidi vita hivyo. Yatosha kusema kwamba katika miaka yote hiyo ya kanisa na ya uasi, mitungi ilibaki katika vyumba vya ndani, na wageni wachache sana waliiona.

Aliyeiona akaandika alikuwa kijana wa Marekani, Frank Hamilton Cushing. Alifika mwaka 1879 pamoja na wajumbe wa chuo cha Smithsonian, umri wake miaka 22, akatazamiwa kukaa miezi michache. Lakini aliingia katika nyumba ya mkuu wa mji pasipo kualikwa, akakaa, akajifunza lugha, akavaa kama wao, hata akapokewa katika chama cha makuhani wa Upinde. Aliondoka mwaka 1884. Katika mwaka 1883 ilitolewa makala yake ndefu juu ya wanyama wa mawe, pamoja na picha za rangi. Mengi tuliyoandika hapo juu, ya mapacha, na pande sita, na mtungi wenye tundu, yametoka kwake, wala hatuwezi kujifanya kana kwamba tumeyapata kwingine.

Lakini hapa yafaa tusimame kidogo. Aliyepokewa katika siri aliiandika siri. Je, alifanya vema? Wasomi humsifu, maana pasipo yeye mambo mengi yasingejulikana nje ya Zuni; na Wazuni wengine hujibu ya kuwa hayo ndiyo makosa yake. Katika mwaka 1994 mchoraji mmoja wa Kizuni, Phil Hughte, alitoa kitabu cha picha za kuchekesha juu ya Cushing, akimchora jinsi alivyoonekana kwa watu waliomkaribisha, mgeni aingiaye kila mlango. Sisi twaona ya kuwa picha zile ni hukumu ya haki kuliko vitabu vingi vya wasomi, kwa sababu ndani yake mna kicheko na hasira pamoja. Na jambo moja lingine hatuna budi kulisema. Kwa kuwa mpango wa Cushing ulikwisha kupigwa chapa, wenye maduka waliutumia kama orodha, wakaugawa kwa wanunuzi, kama kwamba kila mnyama achongwaye leo ni mmoja wa wale wa mtungini.

Njia ya gari la moshi ilifika Gallup mwaka 1881, na pamoja nayo wakaja wasafiri na wafanya biashara. Hapo kwanza wageni walinunua vyungu na mapambo ya fedha. Karibu na mwaka 1919 mfanya biashara C. G. Wallace alianza kazi yake Zuni, naye akawahimiza mafundi wachonge wanyama kwa ajili ya kuuza, akiwapa feruzi na kuwalipa kwa kazi zao. Mwaka 1975 sehemu kubwa ya vitu alivyovikusanya ilipewa Jumba la Heard katika mji wa Phoenix, na huko watu huvitazama hata leo.

Fundi mkuu wa siku zile alikuwa Leekya Deyuse, aliyezaliwa karibu na mwaka 1889 akafa mwaka 1966. Katika ujana wake alifanya kazi ya kibarua Hawikuh, wakati mwanachuoni Hodge alipokuwa akiyachimba magofu ya mji ule, baina ya mwaka 1917 na 1923. Twadhani macho yake yalipata elimu hapo, akiona vitu vya babu zake vikitoka mchangani. Ingawa yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kueleza, ila wa kuchonga. Wanyama wake ni wanene, miguu mifupi, mwili umeviringana kama jiwe la mtoni, na macho ya feruzi. Navyo vyura wake na majani yake ya feruzi yaliyotungwa kuwa mkufu, ukiyaona mara moja huyasahau. Hakuwa na desturi ya kuandika jina lake chini ya kazi. Hakuhitaji. Lakini watoto wake, ambao wengine walirithi kazi ile, walilitwaa jina lake la kwanza kuwa jina la ukoo, hata leo Leekya si mtu mmoja tena, ni nyumba.

Wenzake walikuwa Teddy Weahkee, mchongaji na mchoraji, na David Tsikewa, ambaye aliwachonga ndege wadogo sana akawatunga katika nyuzi kama shanga, na Leo Poblano, hodari wa kuunganisha vipande vya kombe na mawe ya rangi mbali mbali kuwa sura moja. Huyu Poblano alikufa mwaka 1959 akipigana na moto wa msituni huko California. Mkewe Daisy alikuwa mjukuu wa Nampeyo, yule mfinyanzi mashuhuri wa nchi ya Wahopi. Alikuja Zuni kwa kuolewa, akafanya kazi pamoja na mumewe, na baadaye akawafundisha vijana wa Zuni ufinyanzi.

Habari ya Daisy yatuonyesha neno ambalo mgeni hulikosea kwa urahisi. Mgeni akisikia "kazi ya ukoo" hufikiri baba humpa mwana, naye mwana humpa mwanawe, kama fimbo ya chifu. Kwa Wazuni mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kwa desturi nyumba ilikuwa ya mwanamke. Mume alihamia kwa mama mkwe wake. Basi ufundi haukushuka kwa mstari mmoja, bali ulitembea. Mkwe aliketi karibu na baba mkwe akajifunza. Mke alijifunza kwa mume, na mume kwa mke. Shangazi akamkalisha mtoto wa ndugu yake. Teddy Weahkee alimwachia binti yake, Edna Leki, kuchonga kwa namna ya kale, mnyama aliyefungwa kigumba na shanga mgongoni, na binti akawaachia watoto wake. Ellen Quandelacy alijifunza kwa baba yake, Johnny Quam, na wanawe, waume kwa wake, wakawa wachongaji kila mmoja na mnyama ajulikanaye kwake. Na hata katika kanisa la kale la Zuni mambo yalikuwa hivyo: Alex Seowtewa alianza mwaka 1970 kuchora juu ya kuta zake roho za mvua na majira, akiwaita wanawe wamsaidie, na kazi hiyo ikachukua miaka mingi.

Katika nyumba hizo hakuna masomo kama tuyajuavyo sisi walimu, ya ubao na saa. Zamani jiwe lilisuguliwa juu ya jiwe la mchanga, kama mtu anoavyo kisu juu ya kinoo, likatobolewa kwa keke ya kusukuma kwa mkono, likang'arishwa kwa ngozi. Siku hizi jiwe hukatwa kwa msumeno wa umeme, husagwa juu ya gurudumu, na macho hutobolewa kwa kekee ndogo kama ya mganga wa meno. Mtoto hupewa kwanza kazi ya kupiga msasa. Huipiga mingi, wa kukwaruza, kisha laini, kisha laini kupita huo, hata vidole vyake vimezoea tumbo la dubu na shingo ya tai kabla hajapewa kuchonga hata kimoja. Halafu hupewa jiwe laini ambalo likivunjika si hasara. Jiwe gumu na feruzi ya thamani huja nyuma. Tena hufundishwa kulitazama jiwe kabla ya kulikata: mshipa mweusi unapita wapi, upande upi una mgongo ndani yake. Katika neno hili la mwisho twaisikia ile hadithi ya mapacha, ijapokuwa mwalimu hakuitaja.

Na sasa tufike katika jambo lililo zito. Wako wasemao kwamba biashara imeiua desturi hii. Kwamba mnyama auzwaye dukani ni maiti ya mnyama wa mtungini. Hatukubali. Wazuni wenyewe hutofautisha wazi: mnyama aliyechongwa ni kazi ya mikono hata atakapobarikiwa na wenye daraka hilo, asiyebarikiwa, mtu aweza kumnunua na kumchukua kwao Uingereza au Japani. Ndiyo maana mafundi wameweza kuchonga hata pomboo wa baharini, na wale mijusi wakubwa wa kale ambao hawapo tena duniani, pasipo kuikosea dini yao. Kilichorithiwa katika nyumba zile ni mkono wa kuchonga, na pamoja nao kujua ni kipi kitokacho mlangoni na kipi kisichotoka. Mkono pasipo maarifa hayo wageni waweza kuuiga, nao wameuiga.

Ya kuwa mpaka huo si maneno matupu, ulimwengu ulijua tangu mwaka 1978. Wazuni wana sanamu za mti za wale mapacha wenyewe, wana wa Jua, ziitwazo Ahayuda. Huchongwa na watu wa ukoo wa Kulungu na ukoo wa Dubu, huwekwa mahali patakatifu penye jua na mvua, na huachwa zioze, kwa kuwa kuoza kwake ndiko kulinda dunia. Watu walikuwa wameziiba nyingi, zikafika majumba ya makumbusho na nyumba za matajiri. Viongozi wa Zuni wakaanza kuzidai. Hawakudai kwa ghadhabu, ila kwa hoja moja: vitu hivi ni vya watu wote, hakuna mtu awezaye kuviuza, basi yeyote aliyenavyo anavyo kwa wizi. Jumba la Denver lilirudisha zake mwaka 1980, Smithsonian mwaka 1987, na mengine mengi yakafuata. Waliozitunza kwa dawa zisioze miaka mia walishangaa kuambiwa ya kuwa sasa zitaachwa mvuani.

Kwa wanyama wa mawe, hatari haikuwa wizi, bali uongo. Vinyama vinavyofanana nao hufanyizwa kwa mashine katika nchi za mbali, huuzwa kwa bei ndogo, na huitwa vya Zuni. Serikali ya Marekani ilitunga sheria mwaka 1990 kwamba mtu auzaye kitu kwa kudanganya ya kuwa ni kazi ya wenyeji wa asili aweza kufungwa miaka mitano au kutozwa dola 250,000. Mwaka 2018 mahakama ya New Mexico ilimfunga mfanya biashara mmoja miezi sita, ambaye mapambo yake yalitoka Ufilipino. Miezi sita si mingi, na kesi za namna hiyo ni chache. Kwa hiyo sasa mafundi wa Zuni huandika majina yao chini ya tumbo la mnyama, kwa herufi ndogo sana, jambo ambalo mzee Leekya hakuwa na haja nalo; na mnunuzi mwenye akili huuliza, Huyu ni wa nyumba ipi?

Liko na vumbi. Gurudumu la umeme husaga upesi, na unga wa mawe ukivutwa miaka mingi huharibu mapafu, wala dawa ya kuyarudisha hakuna. Zamani fundi alisugua polepole kwa mkono karibu na meko, na watoto wakicheza miguuni pake. Sasa mwenye busara huiweka mashine katika kibanda nje ya nyumba, hufunga kinywa na pua, hutia maji juu ya jiwe, na mtoto humkataza asiingie. Basi mtoto huketi nje na beseni la maji na kipande cha msasa, akimsugua dubu ambaye mama amekwisha kumtoa katika jiwe, na kila kitambo humtoa majini, humwinua kwenye mwanga, na humpeleka mlangoni aulize kama yatosha.